Nimepanda hadi Mbps 100, video ya 4K bado inakwama. Tatizo liko wapi?

#1 Pweza Mkavu
Wakuu, habari za jioni.

Nina TV ya inchi 55 ya 4K, ipo sebuleni. Nilikuwa na kifurushi cha faiba cha Mbps 30, video zikawa zinakwama. Nikapiga simu huduma kwa wateja, dada akanishauri nipande hadi Mbps 100. Nimepanda, bili imepanda, na kukwama kuko palepale. Picha inaenda vizuri kabisa, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka, na kinachagua sehemu tamu. Watu wakianza kurushiana risasi tu, kwisha habari.

Nikipima kasi kwa simu nikiwa kwenye kochi napata 90 na ushee. Sasa hiyo 90 inaishia wapi kabla ya kufika kwenye TV? Naomba wenye ujuzi. Wale wa "nunua TV nyingine" mtanisamehe.

#2 Chachandu
Nunua TV nyingine.

#3 Kamba ya Katani
Huyo ni mtoa huduma wako, usijisumbue. Kuanzia saa mbili usiku mtaa mzima uko mtandaoni na wote mnagawana njia moja. Halafu kipimo cha kasi kinakudanganya kwa sababu mara nyingi kinapima hadi seva iliyopo hapahapa Dar. Nenda fast.com, kile ni kipimo cha Netflix wenyewe, kinavuta data kutoka kwenye seva zao. Kama kimoja kinasoma 90 na kingine 8, basi jibu unalo.

#4 Ngurumo ya Ziwa
Mmeanza na intaneti kabla ya umeme. Huku kwetu Mwanza jioni umeme unashuka hadi taa zinafifia. Ruta ikikosa umeme wa kutosha haizimi, inachoka tu. Weka stabilaiza uone.

#5 Mama Wawili
Netflix 4K inataka Mbps 25. Wewe una 90, kwa hiyo kasi siyo tatizo. Badili DNS, weka 8.8.8.8. Mimi nilibadili mambo yakanyooka siku hiyohiyo.

#6 Fundi Kigingi
Mama Wawili, 25 ilikuwa zamani. Siku hizi Netflix wenyewe wameandika 15 kwa 4K na 5 kwa 1080p. YouTube wanasema 20 kwa 4K.

Kuhusu DNS: kazi yake ni kutafuta anwani. Video ikishaanza kushuka, DNS imeshamaliza kazi na kwenda kulala. Haiwezi kukwamisha filamu katikati. Pale inapoweza kugusa ni kwamba baadhi ya huduma huchagua seva ya kukuhudumia kwa kuangalia DNS unayotumia iko upande gani wa dunia, kwa hiyo ukibadili ovyo unaweza hata kupelekwa seva ya mbali zaidi.

Ngurumo, adapta nyingi za ruta zimeandikwa mgongoni 100–240V. Umeme ukishuka hadi 180 haina habari. Kinachosumbua ni adapta ikiungua, mtu anaenda kununua nyingine yenye 12V sawasawa lakini ampea nusu ya ile ya mwanzo. Hapo ruta itajizima na kujiwasha kila ikielemewa.

#7 Mama Wawili
Mimi nasema kilichonitokea. Ilinyooka.

#8 Chachandu
Baada ya kubadili, ulizima ruta ukawasha upya?

#9 Mama Wawili
Ndiyo, si ndivyo inavyotakiwa?

#10 Chachandu
Basi sawa.

#11 Ngurumo ya Ziwa
Fundi, yangu kweli nilibadilisha adapta mwaka juzi. Naenda kusoma mgongoni. Lakini msimamo wangu wa umeme uko palepale.

#12 Kasuku wa Kasarani
Pweza, hiyo TV unatumia app yake ama una kaboksi ka Android? Nauliza kwa sababu huku Nairobi watu wananunua tuboksi twa bei ya chini, kwenye katoni kumeandikwa 4K kubwa kabisa, lakini ndani hakana ile idhini ya Widevine L1, kinga ya video dhidi ya kunakiliwa. Bila hiyo Netflix inakupatia 480p hata ukiwa na laini ya gigabiti. Mjomba wangu amelipia ile plan ya juu kabisa na anaangalia picha ya zamani za VHS. Hajui, na mimi sitamwambia, ana furaha.

#13 Pweza Mkavu
Asanteni wote. Nimesoma mpaka hapa.

Mbona Netflix na YouTube zinacheza bila shida? 4K inaandika na haikwami. Zinazokwama ni filamu zangu mwenyewe. Nina kompyuta ya mezani kwenye chumba cha watoto, nimeweka Jellyfin, ile programu ya kurusha filamu zako ndani ya nyumba, ina diski ya TB 4, na filamu nimezitoa kwenye diski zangu za 4K. TV inazivuta kutoka hapo.

#14 Kamba ya Katani
Na ulikuwa unasubiri nini kutuambia? Mimi nimeshamlaumu mtoa huduma wa watu bure.

#15 Chachandu
COSOTA, wale wa hakimiliki, wanakusoma.

#16 Pweza Mkavu
Diski nimenunua kihalali, risiti zipo. Tuendelee na mada.

#17 Mgeni Njoo
Samahani kuingilia. Akiangalia filamu iliyoko kwenye kompyuta ya chumbani, inakula bando?

#18 Fundi Kigingi
Haili hata MB moja. Data inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye ruta, inaenda kwenye TV. Haitoki nje ya geti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisota nchi nzima, mimi nilikuwa naangalia filamu zangu kama kawaida.

Ndiyo maana huyo dada wa huduma kwa wateja hata angekuuzia Mbps 500 usingeona tofauti. Umepanua bomba la kutoka barabarani wakati tangi na koki vyote viko ndani kwako.

Sasa tufanye hesabu. Pweza, faili moja lina ukubwa gani na filamu ni ya muda gani?

#19 Pweza Mkavu
Hili linalosumbua zaidi ni GB 63. Saa 2 na dakika 20.

#20 Fundi Kigingi
GB 63 mara 8 ni gigabiti 504. Saa 2 na dakika 20 ni sekunde 8,400. Gawanya: wastani ni megabiti 60 kila sekunde, mwanzo hadi mwisho. Netflix ya 4K inaridhika na 15 kwa sababu wao wameibana sana ile video. Wewe umechukua diski nzima bila kubana.

Na 60 ni wastani. Watu wakikaa mezani wanaongea, picha haibadiliki sana, inaweza kuwa 30. Ikija mvua, moshi, milipuko, kila kitu kwenye kioo kinabadilika kwa wakati mmoja, inaruka hadi 100 au zaidi. Diski za 4K zenyewe zinaruhusiwa kuvuka 100. Ndiyo maana kiduara chako kinachagua risasi. Hakikuonei.

Tuambie kila kifaa kimeunganishwa vipi. Waya au waifai?

#21 Pweza Mkavu
Hesabu imenikaa. Ruta iko koridoni. TV nimevuta waya kutoka kwenye ruta, kama kila mtu anavyoshauri. Kompyuta iko kwa waifai kwa sababu chumba cha watoto hakuna waya.

#22 Fundi Kigingi
Basi una vichochoro viwili.

Cha kwanza ni huo mlango wa waya wa TV. TV nyingi sana, hata za bei mbaya, zimewekewa mlango wa Mbps 100, na ukipima kihalisia unapata kama 94. Filamu yako ikiruka hadi 110, waya umejaa. Waifai ya masafa ya GHz 5 kwenye TV hiyohiyo inaweza kukupa mara mbili ya hapo.

Cha pili ni waifai ya kompyuta. Kama imeng'ang'ania masafa ya GHz 2.4, mtaani kwenu kuna ruta ngapi? Kwenye 2.4 ni chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Zingine zote zinapigana vikumbo.

#23 Kamba ya Katani
Sikubali. TV ya milioni na kitu iwekewe mlango wa 100 wakati hata kompyuta za mwaka 2010 zilikuwa na gigabiti? Waya siku zote unashinda waifai, hilo halina mjadala. Angalia ruta yenyewe kwanza.

#24 Kasuku wa Kasarani
Kamba, ni kweli kabisa, wanaokoa senti kwa sababu wanajua Netflix haifiki hata 25. Lakini kuhusu ruta uko sawa pia. Yale maboksi ya faiba tunayopewa bure, geuza uangalie nyuma. Mengine yana milango minne: mmoja umeandikwa GE, mitatu FE. GE ni gigabiti, FE ni 100. Fundi wa kampuni anachomeka popote mkono ulipofika.

#25 Pweza Mkavu
Nimegeuza. Wa kwanza GE, mingine FE. TV iko mlango wa tatu.

#26 Kamba ya Katani
Si nilisema?

#27 Fundi Kigingi
Hukusema, umesema Kasuku. Na hata akihamishia GE, TV yenyewe ikiwa ni 100 itabaki 100.

#28 Dada Koleo
Wanaume mnabishana milango, hakuna aliyeuliza kuhusu waya. Mimi kazi yangu ni kufunga kamera na mitandao, nimeona vituko. Gigabiti inataka nyuzi zote nane. Mbps 100 inatosheka na nne, namba 1, 2, 3 na 6. Kuna mafundi wanabana nne tu, nne zilizobaki wanazitumia kupeleka umeme kwenye kamera ya getini. Taa inawaka, intaneti inapatikana, mwenye nyumba anashukuru.

Halafu kuna waya wenyewe. Chukua kipande kilichobaki, menya uzi mmoja, kwangua kwa wembe taratibu. Ukiona wekundu hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukiona weupe umejitokeza chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kariakoo zipo tele, katoni imeandikwa Cat6 kwa herufi nzito, na ukiinyanyua ni nyepesi kuliko inavyotakiwa. Kwa mita tano utaona ni sawa. Kwa mita arobaini ndani ya dari yenye joto, utanitafuta. Cat5e ya shaba tupu inabeba gigabiti mita 100, huhitaji Cat6 ya mchongo.

#29 Mgeni Njoo
Nimekwangua wa kwangu. Mweupe.

#30 Dada Koleo
Pole.

#31 Mwana wa Forodhani
Assalaam alaykum. Nyinyi mna vyumba vya tofali mnalalamika. Mie naishi Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, ukuta wa chini unafika nusu mita. Waifai ya 5 haivuki chumba kimoja. Ile ya 2.4 inavuka ikiwa hoi. Nkaweka repita ya kusogeza waifai mbele, picha ikazidi kukwama.

Mwisho nkanunua vile visanduku viwili vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba. Kimoja kwenye soketi karibu na ruta, kingine ghorofani. Vyafanya kazi, lakini friji ikiwaka tu, kasi yaanguka. Filamu ndogo yapita. Hiyo ya GB 63 sijathubutu.

#32 Fundi Kigingi
Wa alaykum salaam. Repita ya redio moja inasikiliza na kusema kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo inakula kama nusu ya kasi. Ni hivyohivyo TV na kompyuta vikiwa vyote kwenye waifai ya ruta moja na masafa yaleyale: kila pakiti inapita hewani mara mbili. Ndiyo maana sitaki Pweza akimbilie kuhamisha TV kwenda waifai kabla kompyuta haijapata waya. Kifaa kinachotoa ndicho kianze kupata waya.

#33 Binti Seva
Nimechelewa, nilikuwa safarini. Nimesoma kurasa zote na naona mmeruka jambo kubwa. Hakuna aliyeuliza kama hiyo kompyuta inaituma video kama ilivyo au inaigeuza kwanza.

Jellyfin ikiona TV haiwezi kusoma kitu fulani ndani ya faili, inaanza kuipika upya video hapohapo huku unaangalia. Kuigeuza 4K ya HEVC, yaani mbinu ya kubana video, ya biti 10 kwa prosesa peke yake ni mzigo mzito sana. Intel kuanzia kizazi cha 7 zina kipande maalumu ndani cha kazi hiyo. Kabla ya hapo, pole.

Na kinacholeta kugeuza mara nyingi ni sabtaito. Sabtaito zinazotoka kwenye diski si maandishi, ni picha. Kama TV haizisomi, seva inalazimika kuzibandika juu ya video fremu kwa fremu. Pweza, unatumia sabtaito? Prosesa gani?

#34 Pweza Mkavu
i5 kizazi cha 4. Sabtaito naweka kila siku, mama watoto anapenda kusoma.

#35 Binti Seva
Haya. Mnaweza kwenda kulala.

#36 Chachandu
Sisi tuliangalia filamu alizosimulia Lufufu kwenye kanda, picha inatetemeka, kichwa cha dubwana hakionekani, na hakuna aliyetaka sabtaito.

#37 Mama Wawili
Chachandu umenikumbusha mbali. Banda letu lilikuwa shilingi hamsini, na ukikaa mbele watoto wakubwa wanakusukuma.

#38 Kasuku wa Kasarani
Huku tulikuwa na DJ Afro, na mpaka leo yuko kazini. Picha ya 4K si lazima kama msimulizi anaweza.

#39 Fundi Kigingi
Binti Seva, hoja nzuri, ila inagongana na alichosema mwenyewe. Kama prosesa ingekuwa inazidiwa, ingekwama hata watu wakiwa wamekaa kimya mezani. Yeye anasema inakwama kwenye vurugu.

#40 Binti Seva
Kwenye vurugu ndipo kuna data nyingi ya kufungua na kubana upya. Prosesa nayo inaelemewa palepale. Dalili ni zilezile, Fundi, huwezi kuzitofautisha ukiwa kwenye kochi. Afungue dashibodi ya Jellyfin filamu ikiwa inacheza. Itamwandikia kama video inapelekwa ilivyo au inageuzwa, na sababu yake.

#41 Jirani wa Ndege
Mimi niko Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Yangu haikwami polepole, waifai ya 5 inapotea yote kama dakika moja, kisha inarudi. Ya 2.4 inabaki. Nimebadili ruta, bado.

#42 Dada Koleo
Jirani, angalia chaneli. Kama ruta iko kati ya 52 na 144, hizo inatumia kwa ruhusa ya rada. Ikihisi rada inatakiwa iachie chaneli, na kabla ya kuingia nyingine ya namna hiyo isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60. Ibane kwenye 36 hadi 48, huko hakuna sharti hilo.

#43 Jirani wa Ndege
Ilikuwa 100. Nimeweka 44. Nitaleta mrejesho.

#44 Kamba ya Katani
Na kama diski ya Pweza imechoka? Hakuna aliyeigusa diski.

#45 Fundi Kigingi
Diski ya kawaida ya kuzunguka, ikiwa nzima, inasoma zaidi ya MB 100 kwa sekunde. Hizo ni megabiti 800. Filamu inataka 60. Labda iwe inakufa, na hapo pengine ungeisikia ikigonga.

#46 Pweza Mkavu
Wakuu, mrejesho.

Nimehamisha TV kutoka waya kwenda waifai ya 5. Kompyuta nimeivutia waya wa muda kupitia koridoni hadi mlango wa GE. Nimepima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao wa ndani, kati ya kompyuta na simu niliyoiweka juu ya TV: Mbps 210. Kabla ya hapo, kompyuta ikiwa kwenye waifai, ilikuwa 48.

Ile ya GB 63 bila sabtaito inacheza mwanzo hadi mwisho. Nikiweka sabtaito, inakwama, na feni ya kompyuta inasikika hadi sebuleni. Dashibodi imeandika video inageuzwa.

Lakini kuna nyingine, ndogo, GB 41, haina sabtaito kabisa, nayo inakwama palepale kila mara. Nikirudisha TV kwenye waya, inakwama sehemu nyingine.

#47 Fundi Kigingi
48! Filamu ya 60 ilikuwa inapita kwenye 48. Mtandao ndio ulikuwa mchawi.

#48 Binti Seva
Na feni je? Sabtaito ndio mchawi.

#49 Ngurumo ya Ziwa
Adapta yangu ya asili ilikuwa ampea 2, hii ni 1. Nawaachia hilo.

#50 Kamba ya Katani
Hiyo ya GB 41 ikikwama palepale kila mara, faili ni bovu. Ilisomwa vibaya kutoka kwenye diski.

#51 Pweza Mkavu
Lakini kwa waya inakwama sehemu nyingine. Faili bovu linahama?

Halafu huu waya wa koridoni una siku zake. Mama watoto amejikwaa, na kutoboa ukuta amekataa kabisa, rangi ni mpya.

#52 Mama Wawili
Yuko sahihi.

#53 Dada Koleo
Pandisha darini, ushushe ndani ya kabati la chumba cha watoto, hakuna atakayeuona. Ila upitishe ndani ya bomba la plastiki, panya wa Dar wanapenda waya wa mtandao kuliko wa umeme.

#54 Kasuku wa Kasarani
Pweza, kabla hujapanda dari, kwenye app ya Jellyfin ya TV kuna mahali pa kuchagua ubora wa juu kabisa. Ikiwa kwenye otomatiki, wakati mwingine app inajipimia kasi vibaya na kuomba video ipunguzwe hata kama laini inatosha. Weka ile ya mwisho kabisa, kisha ucheze hiyo ya GB 41.

#55 Binti Seva
Na ukiwa hapo, bonyeza taarifa za faili utuambie sauti yake ni ya aina gani. Kama ni DTS, TV nyingine haziisomi kabisa, za Samsung ziliacha tangu modeli za 2018. Kugeuza sauti peke yake hakuchoshi prosesa, lakini kuna TV ambazo filamu ikiletwa kwa njia hiyo zinaishughulikia vibaya. TV yako ni ya mwaka gani?